Ndege Ndogo Inayowafaa Akina Mama

Mama mpendwa, je, umewahi kuuguliwa na mtoto hali hospitali iko ng'ambo ya maji? Mama wa Mafia anaijua hofu hiyo. Akina mama wa visiwa vya Orkney, kaskazini mwa Uskochi, wanaijua pia.

Shirika la ndege la Loganair lilianzishwa mwaka 1962. Mwaka 1967 likaanza safari za kuunganisha visiwa hivyo na mji wao mkuu, Kirkwall. Ndege yake iitwayo Islander ina injini 2 na nafasi za abiria wapatao 8. Haina choo, na abiria hukaa karibu kabisa na rubani. Lakini udogo huo ndio faida yake: yaweza kutua kwenye uwanja mfupi wa nyasi, mahali ambapo ndege kubwa haithubutu.

Kutoka kisiwa cha Westray hadi Papa Westray, chenye wakazi wasiofika 100, ni kilomita 3 hivi. Safari huchukua kama dakika 2, nayo ni fupi kuliko safari zote za ratiba duniani.

Kwa miaka mingi, hadi 2006, ndege hizo zilibeba pia wagonjwa na akina mama wajawazito. Siku hizi hupanda mwalimu, daktari, na mtoto anayesoma sekondari Kirkwall.

Basi, tusiidharau huduma kwa sababu ni ndogo. Kwa mama anayemngoja mtoto wake, kiti kimoja kinatosha.