Seneti Iliyojifunga Mlango

Jamaa zetu wengi hapa Grant Street, Buffalo, wamekwisha kupata uraia, lakini wapo wanaokwenda kupiga kura katika mwaka wa kumchagua Rais tu. Huona kwamba serikali ndiyo Rais, na wengine wote ni wapambe. Hao ningependa niwakumbushe habari ya Seneti yetu ya kwanza ya Kenya.

Kenya ilipata uhuru mwaka 1963 ikiwa na mabaraza mawili. Baraza la Wawakilishi lilifuata wingi wa watu. Seneti ilikuwa na wajumbe 41, mmoja kwa kila wilaya na mmoja wa Nairobi, hata wilaya ndogo ikawa na sauti sawa na kubwa. Marehemu Ronald Ngala na chama chake cha KADU ndio walioshikilia sana jambo hili, kwa kuchelea Pwani na makabila madogo yasije yakamezwa. KADU ikavunjwa mwaka 1964. Mwaka 1966 ukaletwa mswada wa kuunganisha mabaraza, na Seneti yenyewe ikaukubali! Sababu haikufichwa: viliongezwa viti vipya 41 bungeni, kila seneta akapata pa kukaa. Mlinzi alipewa chumba cha ndani, mlango ukabaki bila mtu.

Ilichukua hadi katiba ya mwaka 2010 kuirudisha Seneti, sasa kwa ajili ya kaunti 47, nayo ikaanza kazi mwaka 2013. Hata hivyo Bunge la Taifa liliendelea kupitisha sheria peke yake. Maseneta wakashtaki, na mnamo Oktoba 2020 Mahakama Kuu ikazibatilisha sheria 23 kwa mara moja. Rufaa zilifuata, lakini hapo ndipo utaona kazi ya mhimili wa tatu: mahakama haitungi sheria, bali huuliza kama imetungwa kwa njia yake.

Hapa New York mabaraza mawili yako Albany, Seneti yenye wajumbe 63 na Baraza la Chini lenye 150. Mswada sharti upite kote kuwili ndipo umfikie Gavana. Akiukataa, thuluthi mbili za kila baraza zaweza kumshinda. Fedha za shule za watoto wetu na sheria za kodi za nyumba hupita humo. Nao wajumbe wote huchaguliwa kila miaka miwili. Mwaka 2018 na mwaka 2022 hapakuwa na uchaguzi wa Rais, lakini viti vyote 213 vilipigiwa kura.