Kitufe Kisichoitika Hodi

Mgeni akibisha hodi, mwenye nyumba huitika "karibu" hata kabla hajanyanyuka kitini. Mlango waweza kuchelewa kufunguliwa, mwitiko hauchelewi. Ada hiyo ndogo ndiyo inayokosekana katika programu nyingi za simu tunazoletewa siku hizi, na watu wa Garissa wanaulipia ukosefu huo kwa fedha zao wenyewe.

Nasema nililoliona. Katika soko la mifugo la Garissa, ambako ng'ombe hupitia wakielekea Nairobi na Mombasa, mzee mmoja alikuwa akimlipa mwenye lori. Simu yake ilimwonyesha orodha ndefu ya watu aliowahi kuwalipa, kila jina na kitufe chake cha "Lipa" pembeni. Alisogeza orodha kwa kidole, akaliona jina, akabonyeza. Kitufe hakikubadilika rangi wala hakikufifia. Akangoja kidogo, akabonyeza tena. Fedha zikaenda mara mbili, na ikamchukua siku nne kuzirejesha.

"Adeer, umebonyeza mara mbili," akaambiwa na kijana aliyesimama kando.

"Nami ningejuaje kwamba imenisikia?"

Swali la mzee ni la haki, na jibu lake si fumbo. Kidole kinapotua juu ya kitufe kilicho ndani ya orodha inayosogezwa, simu haijui bado iwapo mwenyewe anataka kubonyeza au anataka kuisukuma orodha. Basi hungoja. Simu za iPhone na za Android hungoja takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde, pengine zaidi kidogo, kabla ya kukiruhusu kitufe kionyeshe kwamba kimeguswa. Mwenye kidole chepesi huwa amekwisha kukiinua. Amri imepokewa, lakini uso wa kitufe haukuonyesha lolote ambalo jicho lingeliwahi. Mtaalamu Jakob Nielsen aliandika mwaka 1993 kwamba sehemu moja ya kumi ya sekunde ndiyo kikomo cha mtu kuhisi kuwa chombo kimemjibu papo hapo. Kumbe muda huo wote huliwa na kungoja peke yake!

Haifai kuwalaumu waliobuni kungoja huko. Bila ya hicho, kila usogezapo orodha vitufe vingemetameta kama vimulimuli. Lakini dawa ipo. Katika iPhone, mtunzi wa programu anaweza kukizima kwa mpangilio mmoja wa ndiyo au la. Ila ni lazima pia akiagize kitufe kikiachilie kidole kinapoanza kusogea, la sivyo orodha itakwama kila kidole kinapoanzia juu ya kitufe. Katika Android, tangu toleo la 4.0 la mwaka 2011, kila kisanduku kinachobeba vitufe huulizwa kama kinasogezwa. Kisichosemeshwa hujibu ndiyo, hata kama hakisogei kamwe, na vitufe vyake hucheleweshwa bure.

Wenye simu za mulika mwizi hawakuwa na taabu hii, kwa kuwa kitufe chenyewe kilizama chini ya kidole. Nao madalali wa Kisomali wana desturi ya zamani ya kupatana bei kwa kubanana vidole, mikono ikiwa imefichwa chini ya nguo: kidole kimoja kikisema, kingine hujibu pale pale.

Kwetu Kaskazini Mashariki jambo hili huzidi uzito kwa sababu ya mtandao. Ukitoka mjini kuelekea Hulugho au Modogashe, jibu kutoka mitambo ya malipo laweza kukawia hata ukadhani simu imezimika. Hata hivyo, kubadilika kwa rangi ya kitufe hakuhitaji mtandao; ni kazi ya simu yenyewe. Kitufe kikiguswa na kigeuke mara moja, kiandike "Inatumwa", kisha kikatae kubonyezwa tena mpaka jibu lifike. Na alama hiyo ifungamanishwe na malipo yenyewe, si na mstari wa orodha, maana simu huitumia mistari ile ile tena na tena orodha inaposogezwa; mtunzi asipoangalia, "Inatumwa" ya mwenye lori itatokea kando ya jina la muuza nyasi.

Rangi nayo isiwe kijivu kinachogeuka kuwa kijivu kilichokolea kidogo. Katika jua la Garissa mabadiliko hayo hayaonekani, sembuse kwa macho ya mzee na kioo chenye nyufa.

Watunzi wengi huzijaribu programu zao Nairobi, kivulini, kwa simu mpya na mtandao wa kasi. Mabasi ya Garissa huondoka Eastleigh kila siku, na safari ni ya kilomita 370 hivi. Waje na simu za bei nafuu, wasimame sokoni saa sita mchana, na wajaribu kumlipa mwenye lori mara moja tu.