Barua kwa Mwenzako wa Chumbani



Ndugu msomaji, vijana wetu wa Mbagala, Tandika, Magomeni na Mwananyamala wamezoea kwamba nafasi ya chuo hupatikana kwa matokeo. Ukishafaulu mtihani wa kidato cha sita unapeleka maombi kwenye vyuo unavyovitaka, na hakuna anayekuuliza wewe ni mtu wa namna gani. Ndiyo maana wale wachache wanaojaribu kuomba vyuo vya Marekani hushtuka wanapokutana na maswali ya insha. Katika maswali hayo liko moja ambalo tumeona tulieleze hapa, kwa kuwa linasumbua kuliko linavyoonekana.

Chuo Kikuu cha Stanford, kilichoko California, humtaka mwombaji aandike barua fupi kwa mwenzake wa chumbani wa baadaye, yaani mtu ambaye bado hamjui. Karibu wanafunzi wote wa shahada ya kwanza huishi ndani ya chuo, hivyo swali si la mzaha. Barua isipungue maneno 100 wala isizidi 250. Wanaoisoma ni maofisa wa udahili, wanaotafuta ndani yake yale ambayo vyeti havionyeshi. Na tuseme mapema, mzazi asije akauza kiwanja kwa matumaini: katika kila waombaji 100, wanaokubaliwa hawafiki 5, na kwa anayetoka nje ya Marekani, kuhitaji msaada wa ada nako huangaliwa wakati wa kuamua. Anayetaka ajaribu, lakini asiache kuomba vyuo vya hapa nyumbani.

Aghalabu kijana wetu akipewa swali hili huandika barua ya kazi. "Mimi ni kijana mwenye bidii, mwaminifu na mwenye kujituma." Jamani, nani anamwambia hivyo mtu atakayelala kitanda cha pili? Wengine huandika ile barua ya kirafiki tuliyofundishwa shule ya msingi, na salamu peke yake zinamaliza maneno 40: natumai hujambo, mimi sijambo, hofu ni kwako tu. Salamu ni jambo jema, ila hapa neno moja latosha.

Mtu wa chumba kimoja anataka kujua mambo madogo. Unalala saa ngapi? Unasoma kwa sauti? Ukikasirika unanyamaza au unasema? Kijana aliyekulia Tandika katika chumba kimoja na wadogo zake watatu anayo ya kusema kuliko anavyodhani. Anaweza kuandika kwamba kelele za watu hazimzuii kusoma, kwani amejiandaa kwa mitihani redio ya jirani ikiwa wazi, lakini taa ikiwashwa usiku huamka mara moja. Sentensi hiyo moja inamweleza kuliko "kujituma" mara kumi. Tena wanaokaa mabweni ya vyuo vyetu, ambako mwenye kitanda humbeba mwenzake aliyekosa nafasi, wanajua vizuri kwamba tabia ya mtu huonekana chumbani kabla ya darasani.

Sasa tufike kwenye jambo zito. Je, ataje kwamba yeye ni Mwislamu? Wapo wanaoficha kwa hofu kwamba watakataliwa, na wapo wanaogeuza barua nzima kuwa hotuba ya Ijumaa. Sisi tunaona njia zote mbili hazifai. Dini yako mwenzako ataikuta chumbani, kwa hiyo mweleze kwa namna itakavyomgusa yeye. Mwambie kwamba alfajiri atasikia maji yakitiririka kidogo, asidhani bomba limepasuka, unatawadha. Mwambie kengele ya simu utaiweka chini ya mto, na kwamba saa yake itahamahama, maana huko alfajiri ya kiangazi na ya baridi zinapishana sana, si kama kwetu. Mwambie Ramadhani utakula daku gizani, na kwamba jioni ana sehemu yake ya tende. Kisha muulize na yeye asubuhi zake zikoje. Katika Surat An-Nisaa, aya ya 36, miongoni mwa wanaostahiki kutendewa wema ametajwa pia mwenza wa ubavuni, na hapo hakuna sharti kwamba awe wa dini yako.

Ama shida za nyumbani, hapa inahitajika busara. Maradhi ya baba au madeni ya mama ni sitara ya familia, na barua hii si ya kuombea huruma. Maisha ya Temeke yataonekana yenyewe, kwa mfano ukisema umezoea kusoma umesimama ndani ya daladala.

Liko na hili la steshenari. Tumezoea kumwachia kijana wa kompyuta atujazie fomu za mkopo, na fomu haina neno. Lakini barua hii akikuandikia yeye, au ukaiandikisha programu ya akili bandia, umesema uongo, maana kabla ya kutuma mwombaji huthibitisha kwamba maandishi ni yake mwenyewe. Kiingereza kikikupa tabu, iandike kwanza kwa Kiswahili kama unavyozungumza, kisha uihamishe taratibu, na mwalimu akurekebishie sarufi tu, asiguse habari.

Ukimaliza, usimpe kwanza mwalimu. Mpe mdogo wako mnayelala naye chumba kimoja aisome. Akicheka na kusema "kweli, ndiyo wewe huyu," itume. Akiuliza hii imeandikwa na nani, anza upya.