Matabishi ya Arusi katika Miji ya Butembo na Beni

Fedha ndogo anayopewa mhudumu juu ya ujira wake huitwa matabishi katika Kiswahili cha mashariki mwa Kongo, na neno hilo lina asili yake katika Kireno mata-bicho, yaani "kuua mdudu", lililokuwa jina la tone la pombe kali lililonywewa asubuhi kwa dhana kwamba linaua minyoo ya tumboni. Kifaransa husema pourboire na Kijerumani Trinkgeld, maneno ambayo yote mawili humaanisha fedha ya kunywea, ilhali Waswahili wa pwani waliazima bakshishi, neno la Kiajemi ambalo mzizi wake ni kutoa. Lugha tatu zimemtazama mpokeaji na kinywaji chake, moja ikamtazama mtoaji. Na tofauti hiyo, ambayo hotelini haina uzito, huwa nzito arusini, kwa sababu huko kinywaji chenyewe ndicho kinachogawiwa, nacho kimehesabiwa.

Katika nganda, yaani baa ya mtaani, mteja huagiza, hulipa, na akiridhika humwachia mhudumu chenji. Arusini anayelipa ni kamati, ambayo ni kundi la ndugu na marafiki wanaopanga bajeti, kukusanya michango na kukodi ukumbi, wakati mgeni aliyeketi mezani hakuagiza kitu wala hatalipa kitu. Wanaomhudumia nao si wa namna moja. Wako protokoli, ambao kwa kawaida ni vijana wa ukoo, wa kwaya au wa mtaa, wanaowapokea wageni, kuwaketisha na mara nyingi kuwapelekea sahani na chupa. Wako wahudumu waliokodiwa kwa siku hiyo moja. Na wako akina mama wanaopika wali, makemba (ndizi za kupika), sombe (majani ya muhogo) na nyama ya mbuzi nyuma ya ukumbi, baadhi yao wakiwa shangazi na majirani, wengine wakiwa wamekuja kutafuta riziki. Protokoli aliye mdogo wake bibi arusi anaweza kuudhika akipewa noti, maana kwake kazi ile ni undugu, lakini mama aliyekodiwa, ambaye moshi umemwingia machoni tangu alfajiri, hahudumu kwa undugu, na kwa kuwa hakuna mgeni anayemwona, hakuna mkono wa mgeni utakaomfikia. Huu ndio upungufu mkubwa wa matabishi yanayoachwa kwa hiari ya wageni: huwafuata wanaoonekana, na jikoni hayafiki.

Upungufu wa pili uko penye vinywaji. Bia na sukre, kama soda inavyoitwa huko, huja kwa kreti kutoka depo, pamoja na wajibu wa kurudisha vidanji, yaani chupa tupu, kwani chupa isiyorudi hulipiwa, na mtunza vinywaji ndiye anayeulizwa wa kwanza hesabu inapopungua. Ikiwa kamati imenunua kreti 20 za chupa 12 kwa wageni 120, kila mgeni ana chupa 2, wala hakuna ya tatu. Kwa hiyo mgeni anayemwita kijana pembeni mapema na kumtia noti mkononi ili meza yake isikauke, hakununua huduma bora, bali amenunua chupa iliyokuwa ya mtu mwingine, na mara nyingi mtu huyo ni bibi kizee wa safu ya nyuma ambaye hawezi kupaza sauti juu ya muziki. Katika familia za Kiprotestanti zisizotoa bia, hesabu ni ileile kwa sukre. Noti inayotangulia huduma, hata ikiwa ndogo, ni rushwa iliyovaa nguo ya sherehe, na anayeumia ni mwenye arusi, atakayesemwa kwamba hakuwatosheleza wageni wake.

Sheria haiwalindi sana wanaokodiwa kwa siku moja. Kanuni ya Kazi ya Kongo, yaani Sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inamhesabu kibarua wa siku kuwa na mkataba usio na ukomo ikiwa ameshafanya kazi siku 22 ndani ya miezi miwili na kuajiriwa tena kabla ya miezi hiyo kwisha. Lakini miezi miwili ina Jumamosi 8 au 9 tu, hivyo anayeishi kwa arusi za Jumamosi peke yake hafikii idadi hiyo kamwe. Kwingineko sheria imeyagusa matabishi yenyewe: Uingereza, kwa sheria ya mwaka 2023 iliyoanza kutumika Oktoba 2024, ilimlazimisha mwajiri kuwagawia wafanyakazi matabishi yote bila kujikatia, wakati nchini Marekani sheria ya shirikisho imemruhusu mwajiri tangu mwaka 1991 kumlipa mhudumu dola 2.13 kwa saa, kwa sharti kwamba matabishi yajazie kima cha chini. Mfano huo wa pili haufai kuigwa na kamati yoyote, kwa kuwa unaugeuza ukarimu wa mgeni kuwa mshahara.

Njia iliyo bora ni kamati kuyaweka matabishi katika bajeti tangu mwanzo, mbali na ujira, na kumkabidhi kiongozi wa huduma bahasha moja mbele ya wenzake wote, jikoni wakiwemo, kiasi kikitajwa kwa sauti. Noti ziwe za faranga ndogo zinazogawanyika, maana noti moja kubwa ya dola haigawiki kwa watu kumi, na dola iliyochanika hata kidogo hukataliwa sokoni. Mgeni anayetaka kushukuru kwa mkono wake na afanye hivyo wakati wa kuaga.

Kwa Beni kuna jambo la kuongeza. Mauaji ya raia yaliyoanza kuandama eneo hilo mwaka 2014, kisha utawala wa kijeshi uliotangazwa Kivu ya Kaskazini na Ituri mwezi Mei 2021, vimewafanya watu wauogope usiku, na wageni huondoka mapema. Lakini wanaoosha vyombo na kuhesabu vidanji hubaki nyuma yao. Bahasha inayowafikia giza likiwa limeingia imechelewa, na ndani yake inapaswa kuwamo nauli ya moto, yaani pikipiki, ya kila mmoja hadi mlangoni kwake.