SOKO LA UTALII: MATEMBEZI YA MJI MKONGWE, NANI ANAPATA NINI?

Zanzibar: Biashara ya kuwatembeza wageni kwa miguu Mji Mkongwe huuza bidhaa tatu kwa mpigo: historia, sanaa na chakula. Mwongozaji mwenye leseni huweza kuanzia soko la Darajani, lililojengwa 1904, akapita Mkunazini, ambako Kanisa Kuu la Anglikana lilijengwa penye soko la watumwa lililofungwa 1873. Hufuata milango ya nakshi na maduka ya picha za Tingatinga. Jioni ni Forodhani: urojo, pweza na maji ya miwa yenye tangawizi na ndimu.

Cha kuangalia ni mgawo. Ada ya matembezi humlipa mwongozaji. Muuza urojo hupata pale tu mgeni anaponunua bakuli. Duka likimpa mwongozaji kamisheni, mara nyingi anayebanwa ni mchoraji. Masika soko hupoa, na mwezi wa Ramadhani biashara ya chakula cha mchana huhamia jioni.

Kwa wenzetu wa Vugiri, Korogwe: milima ya Usambara ina njia za miguu, na chai ipo. Atakayeanza biashara hii apatane kwanza na mpishi, ndipo atangaze bei.