Maskoti wa Kampuni Mikononi mwa Akili Unde

Septemba 30, 2025, OpenAI ilizindua Sora 2, mtambo unaogeuza sentensi chache kuwa video yenye sauti. Haukupita muda, mitandao ikajaa Pikachu na SpongeBob wakitenda na kusema mambo ambayo wenye nao hawakuwahi kuyaandika. Utaratibu wa mwanzo ulimtaka mwenye hakimiliki asiyependa ajitokeze mwenyewe kukataa. Hollywood ilikuja juu, na siku chache baadaye mkuu wa OpenAI, Sam Altman, akaahidi kuwapa wenye haki udhibiti zaidi, ulio karibu na utaratibu wa kuombwa ruhusa kwanza.

Tangu hapo kila kampuni yenye maskoti, yaani mhusika wa kuchora anayebeba jina lake, ina uamuzi wa kufanya: kuzuia mhusika wake asitumiwe na mitambo hii, au kuruhusu.

Disney imefanya yote mawili, kuzuia na kuruhusu. Juni 2025, ikiwa na Universal, iliishtaki Midjourney, kampuni ya kutengeneza picha kwa akili unde, kwa madai ya kunakili wahusika wao. Desemba mwaka huohuo ikatangaza makubaliano na OpenAI: uwekezaji wa dola bilioni 1, leseni ya miaka mitatu, na wahusika zaidi ya 200 wa Disney, Marvel, Pixar na Star Wars. Sura na sauti za waigizaji hazikuwamo. Wiki hiyohiyo, barua ya kuitaka Google iache kutumia wahusika wake ilikuwa imeshatumwa. Sioni ukigeugeu hapo. Huyo ni mfanyabiashara anayejua bei ya mali yake, na anayetaka kuuza mwenyewe.

Lakini Disney humuuza mhusika mwenyewe, kwa filamu, vikaragosi na tiketi. Bibendum, yule jamaa mweupe mnene wa Michelin aliyeanza kazi mwaka 1898, yupo ili matairi yanunuliwe. Tuseme mtu atengeneze video ambamo Bibendum anamwambia dereva wa lori kwamba tairi kipara bado litamfikisha. Mtazamaji hataulizia nani aliyeandika maneno hayo. Atayachukua kuwa kauli ya Michelin. Kwa maziwa ya watoto, dawa au benki, hatari ni hiyohiyo, na madhara yake yanaweza kumfikia mtu asiye na hatia kabla video haijaondolewa.

Wanaotaka milango ifunguliwe humtaja Duo, bundi wa kijani wa Duolingo, programu ya kujifunza lugha. Watumiaji walimfanya kitisho cha utani kwa wanaokwepa masomo, kampuni ikaupokea utani huo, hata Februari 2025 ikatangaza kwamba Duo amekufa. Ilivuma sana. Hata hivyo, aliyeamua Duo afe ni Duolingo yenyewe, kupitia kurasa zake.

Leseni nayo haimalizi kazi. Mei 2025 Darth Vader wa Star Wars aliingizwa katika mchezo wa Fortnite akiongea kwa akili unde iliyoiga sauti ya mwigizaji wake, marehemu James Earl Jones, kwa ridhaa ya familia yake. Mara moja wachezaji wakamchokoza hadi akatukana, na Epic Games, kampuni yenye mchezo huo, ikalazimika kurekebisha programu mbiombio. Chama cha waigizaji, SAG-AFTRA, nacho kikawasilisha malalamiko kwamba hakikushirikishwa. Ruhusa zote za mali zilikuwepo, na bado mhusika aliteleza. Kwa hiyo mkataba wa aina hii usipotaja nani anamzima mhusika, ndani ya saa ngapi, na nani analipa fidia, haufai kutiwa saini.

Msimamo wangu ni huu: anayeuza burudani akodishe wahusika wake, kwa masharti makali. Anayeuza bidhaa inayogusa mwili au akiba ya mteja asimkabidhi maskoti wake kwa umma hata kidogo. Watumishi wake wautumie mtambo, na kila video ipitiwe na mtu kabla ya kutoka.

Kukataa nako kunahitaji nyaraka. Nchini Marekani, hakimiliki ya Mickey wa filamu ya Steamboat Willie ya mwaka 1928 ilikwisha Januari 1, 2024, ila alama za biashara za Disney zinaendelea kulindwa. Mwenye kiwanda cha unga mwenye katuni kwenye pakiti aanzie hapo: asajili alama yake ya biashara katika ofisi ya usajili, yaani KIPI kwa Kenya au BRELA kwa Tanzania Bara, na awe na mkataba wa maandishi na mchoraji unaoonyesha picha ni mali ya nani.