Gari la Kulala Linalotumia Stima: Umbo Lake Liweje?

Bila shaka umewahi kuyaona magari ya watalii yakipita Nanyuki kuelekea Samburu. Paa lake huinuliwa watalii wanapotazama ndovu, kisha hushushwa safari inapoendelea. Wengi hudhani kwamba paa hilo ni la kutazamia wanyama tu. La hasha! Ndilo litakalotusaidia kutengeneza gari la kulala, lenye kitanda, jiko na tangi la maji, litakalouzunguka Mlima Kenya kwa nguvu za stima bila hata tone la petroli.

Hebu tuanze na hewa. Gari linapokwenda hulazimika kuisukuma hewa iliyo mbele yake. Mwendo ukiongezeka maradufu, upinzani wa hewa huongezeka mara nne. Katikati ya mji wa Karatina, ambako magari hutambaa, jambo hili si neno. Lakini ukifika barabara pana ya Kenol hadi Marua na kwenda kilomita 80 kwa saa, hewa hula betri kama mchwa. Kweli, mwenda pole hajikwai! Gari lenye umbo la sanduku huacha nyuma yake hewa inayozungukazunguka na kulivuta. Umbo bora ni la tone la maji: mbele mviringo, nyuma likipungua polepole. Keria iliyojaa mizigo juu ya paa huharibu kazi hiyo yote.

Pili, kuna milima. Hewa ya Nyeri ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa asilimia 15 hivi, kwa hivyo kuisukuma ni rahisi kidogo. Lakini kutoka Sagana hadi Nyeri unapanda mita 600 hivi. Gari la tani 3 litatumia karibu uniti 5 za stima kwa kule kupanda peke yake. Habari njema ni kwamba wakati wa kuteremka, mota hugeuka jenereta na kurudisha sehemu ya stima hiyo kwenye betri. Betri zenyewe ni nzito, hivyo huwekwa chini ya sakafu ili gari lisiyumbe kwenye kona.

Je, jua halitoshi? Hebu tupige hesabu. Paa la mita 5 kwa 1.8 lina eneo la mita mraba 9. Paneli zikilifunika lote, zitatoa uniti 8 hivi siku ya jua kali. Gari kama hili hutumia uniti 1 kwa kila kilomita 4 hivi. Basi jua la siku nzima litakupeleka kilomita 32, na ukitoka Nyeri hata Nanyuki hufiki! Na miezi ya Juni hadi Agosti, mawingu yakitanda, ni kidogo zaidi. Kwa hivyo lazima gari lichajiwe kwa stima ya nyumbani pia.

Mwaka wa 2021 wanafunzi wa chuo kikuu cha teknolojia cha Eindhoven, Uholanzi, walitengeneza gari la kulala liitwalo Stella Vita, wakaliendesha kwa nguvu za jua hadi Tarifa, kusini mwa Hispania. Siri yao ilikuwa nini? Gari lilikuwa jepesi, na paa lake lilikuwa chini wakati wa safari ili hewa ipite kwa urahisi. Likiegeshwa, paa liliinuka, mtu akaweza kusimama ndani, na paneli za ziada zikakunjuliwa.

Sasa umeelewa, msomaji? Paa la kuinuka mafundi wetu wanalijua tangu zamani! Na habari ya mota si ngeni pia. Kampuni ya Opibus, iliyoanzishwa Nairobi mwaka wa 2017 na kubadili jina kuwa Roam mwaka wa 2022, ilianza kwa kutoa injini za dizeli kwenye magari ya safari na kutia mota za stima.

Kilichobaki ni kuviunganisha: fundi wa jua kali, mhandisi wa Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, na wewe unayesinzia katika somo la fizikia. Amka, ndugu yangu! Tusipolitengeneza sisi, tutaliagiza kutoka ng'ambo, tena kwa bei ya kuruka.